Mkono wa Kushoto Hauna Presha

Shangazi yetu wa Muscat haleti zawadi ndogo. Mwaka aliokuja na blenda tulikunywa juisi ya kila kilichoiva na kisichoiva, mpaka watoto wakaanza kuficha matango. Safari hii alileta mashine ya presha, na wiki haikuisha nyumba nzima ikawa na maradhi.

Mwenye mashine ni Bi Mkubwa, mama yangu mzazi, ambaye presha yake ni ya siku nyingi na ameshaizoea kama mpangaji mkorofi anayelipa kodi. Unafunga mkanda wa samawati juu ya kiwiko, unabonyeza kitufe, mkanda unavimba wenyewe kwa mngurumo, unalegea taratibu, kisha mwanamke aliyemo ndani anatangaza majibu kwa Kiarabu safi. Kumpunguzia sauti hakuna aliyeweza. Mwanangu wa kati, kwa kuwa yuko madrasa, akateuliwa mkalimani, na ingawa tarakimu zilionekana wazi kwenye kioo, hakuna mtu mzima aliyethubutu kuzisoma kabla yake.

"Mia na arobaini na nane kwa tisini, Bibi!"

Na kutoka upande wa pili wa ukuta jirani anaitikia: "Punguza chumvi, Bi Mkubwa!" Ndivyo siri za mgonjwa zinavyotunzwa kwetu Ngamiani.

Haukupita muda ukumbi ukawa na foleni. Akaja muuza mihogo, akaja mwenye duka, wakaja vijana wa bodaboda waliokuwa wakibishana nani ana moyo wa chuma. Bi Mkubwa aliwapima wote, na sheria zake hazikuwa na mjadala: ukae dakika tano bila kuzungumza (hapo ndipo wengi walipofeli), mgongo uegemee kiti, miguu ikanyage chini, usiwe umetoka kunywa kahawa, na mkono ni wa kushoto. Kwa nini wa kushoto? Kwa sababu mwanamume aliyechorwa kwenye boksi amefungwa mkanda kushoto, na Bi Mkubwa habishani na boksi. Sheria hizo, nilikuja kuthibitisha, ndizo zinazofuatwa hata hospitalini, isipokuwa hiyo ya mwisho. Na hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuletea mambo.

Mashine ilimkubali kila mtu. Ilimkataa shemeji yangu peke yake.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu, binti wa miaka ishirini na minne, fundi cherehani mwenye meza yake pale barazani. Alipokaa kwenye kiti cha wagonjwa kwa mara ya kwanza, mkanda ulivimba, ukalegea, ukavimba tena kwa nguvu zaidi mpaka akauma meno, ukalegea. Mwanamke wa Kiarabu kimya. Kwenye kioo ikatoka herufi E na mlio mfupi.

"Hana presha," mkalimani akatangaza.

"Kila mtu ana presha," akasema Bi Mkubwa. "Asiye na presha huwa tunamsalia."

Hapo akaitwa Mjomba. Mjomba ni kaka yake Bi Mkubwa. Alistaafu karakana ya reli, lakini bisibisi yake haikustaafu. Yeye haamini kwamba kuna kitu kilichoharibika duniani. Kuna vitu ambavyo havijafunguliwa tu. Alibadilisha betri. Akazibadilisha tena, safari hii akanituma mimi nikanunue zile za bei mbaya. Akaenda duka la vifaa vya hospitali kuchukua mkanda mpya kwa fedha ambayo hadi leo imo kwenye daftari langu, chini ya jina lake. Akaifungua mashine, akapuliza vumbi ambalo halikuwemo, akaifunga, ikabaki skrubu moja, akasema hiyo ni ya akiba. Kila baada ya ukarabati mashine ilijaribiwa kwa watu: Mjomba mwenyewe, sawa; mke wangu, sawa; mpita njia aliyeomba maji ya kunywa, sawa. Mbuzi wa Idi naye alifungwa mkanda pajani na mwanangu kabla sijawahi kumzuia, akapewa majibu yake kwa Kiarabu, juu na chini, kamili. Kisha shemeji. E.

"Huyu binti ndiye anayeiharibu," Mjomba akahitimisha.

Mashine hizi hazina masikio. Daktari mwenye mashine ya kupampu kwa mkono huweka stethoskopu penye kunjo la kiwiko akasikiliza damu inavyogonga ikipenya chini ya mkanda, njia aliyoieleza Mrusi Nikolai Korotkov mwaka 1905, miaka tisa baada ya Mwitaliano Scipione Riva-Rocci kutoa mkanda wake wa kuvimbishwa. Mashine ya betri yenyewe inapapasa. Mshipa ukipiga chini ya mkanda, hewa iliyomo ndani inatikisika kidogo, na kutokana na mtikisiko huo mashine inakokotoa presha. Mshipa usipopiga, au ukipiga kwa unyonge mno, hakuna cha kukokotoa, na mashine yenye adabu haibuni. E ile ilikuwa jibu kamili. Sisi tuliinunulia betri.

Dalili za maradhi yake nazo zilikuwepo, ila nyumbani zilisomwa kama tabia. Mwaka uliotangulia shemeji alipata homa za jioni, jasho la usiku, na kukonda hadi sketi zake mwenyewe akawa anazipunguza kwa cherehani yake mwenyewe. Homa za jioni na jasho kwetu zina jina moja, kwa hiyo alipimwa kifua kikuu: makohozi safi, eksirei ya kifua safi. Akapimwa pia virusi vya UKIMWI, hana. Homa ikaondoka yenyewe, tukamshukuru Mungu, tukasahau. Huo ndio ujanja wa kwanza wa maradhi haya: yanaingia na homa isiyo na mwenyewe, yanatulia, na kinachobaki ni mishipa inayoendelea kunenepa kuta kimyakimya.

Kilichofuata ni kesi ya nywele. Shemeji ndiye msusi wa nyumba, na alianza tabia ya kusuka mistari minne, akashusha mikono na kusema amechoka. Anapumzika dakika chache, anarudi, anasuka miwili, anashusha. Mke wangu alikwenda kwenye harusi moja na kichwa nusu, ushungi ukiwa umebanwa kwa pini ambazo zingetosha kushikilia hema. Nguo za kuanikwa zikawa zinabaki kwenye beseni kwa sababu kamba iko juu. Akisimama ghafla, kizunguzungu.

"Uvivu," akasema mke wangu, ambaye ni dada mtu na kwa hiyo ana ruhusa.

"Kijicho," akasema Bi Mkubwa. "Cherehani inamwingizia sana."

Mjomba akasema ni mkanda.

Kumbe msuli unaofanya kazi unadai damu nyingi kuliko unaopumzika, na mikono iliyoinuliwa kichwani inafanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Njia ikiwa nyembamba, damu ya kutosha mkono uliolala inapita, ya kutosha mkono unaosuka haipiti. Mkono unauma, unalegea, ukishushwa unapona. Daktari akisikia maelezo hayo kutoka kwa kijana anapaswa kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi.

Ukweli ulitoka kwa sababu ya mtoto wa jirani. Alikuwa amelala juu ya bega la kushoto la shemeji, na kumwamsha mtoto huyo ni jambo ambalo mtaa mzima umekatazwa. Bi Mkubwa, akiwa katika kampeni yake ya kumpima binti kila Ijumaa hadi mashine ijirekebishe, akavunja sheria ya boksi na kufunga mkanda kulia. Mngurumo. Mlegeo. Na mwanamke wa Kiarabu, aliyekuwa hajamsemesha shemeji hata neno, akafungua kinywa.

"Mia na sabini na mbili kwa tisini na nne," mkalimani akasema, kisha akarudia polepole kwa kuwa hakuna aliyemwamini.

Ukumbi ulinyamaza. Hiyo ilikuwa presha kubwa kuliko ya Bi Mkubwa, ambaye alionekana kana kwamba amenyang'anywa cheo. Wakarudi kushoto: E. Kulia: mia na sabini. Kikao cha familia kikaitishwa palepale kujadili kama mtu anaweza kuwa na presha mkono mmoja.

Mke wangu alikata shauri: hospitali. Na hapa ndipo jikoni kwetu kulipogeuka uwanja wa vita, kwa sababu shemeji alipelekwa sehemu mbili. Katika zahanati ya kwanza tabibu kijana alimpima mkono uliokuwa karibu na meza yake, wa kushoto. Akasikiliza kwa shida, akapata tisini na kitu, akasema presha iko chini, aongeze chumvi kidogo, anywe maji mengi na maji ya chumvichumvi ya pakiti. Mke wangu hakuridhika, kesho yake akampeleka kwingine. Huko kiti kilikuwa upande wa pili wa meza. Mkono wa kulia: mia na sabini, vidonge vya presha, na chumvi marufuku.

Binti akarudi nyumbani na mfuko mmoja wenye pakiti za chumvichumvi na vidonge vya kushusha presha. Bi Mkubwa, ambaye hapendi kumvunjia heshima mtu yeyote aliyesoma, aliamua kutii wote wawili. Zikawekwa sufuria mbili: mchuzi wenye chumvi wa mchana, mchuzi usio na chumvi wa usiku. Mimi nilikuwa nikirudi kazini nachota nisichojua, na mgeni mmoja kutoka Pangani alikula siku mbili mchuzi baridi wa hospitali huku akiusifu, mtu wa watu. Shemeji mwenyewe alikuwa anasubiri wote walale, anakula mkate.

Anayestahili sifa ni nesi mmoja wa kliniki ya presha anakohudhuria Bi Mkubwa kila mwezi. Siku hiyo shemeji alikwenda kumshikia mama mkoba tu. Bi Mkubwa, katika kueleza habari za nyumbani ambazo hakuna aliyemuuliza, akafika kwenye mashine inayokataa mkono wa kushoto. Nesi, mama mtu mzima ambaye miwani yake inaning'inia kwa kamba, akaacha kuandika. Akasema, "Lete mikono, binti." Akavishika vifundo vyote viwili kwa wakati mmoja, vidole vitatu huku, vidole vitatu huku, akatazama ukutani kwa muda. Kisha akauliza, "Mwanangu, mshipa wa huku umeuweka wapi?"

Kipimo hicho hakina gharama. Hakihitaji betri wala mkalimani. Ukishika mkono mmoja tu hutajua, maana mapigo hafifu ukiyazoea yanakuwa mapigo. Ukishika yote miwili kwa pamoja tofauti inakuja yenyewe vidoleni. Siamini kwamba matabibu wawili wa kwanza walikuwa wajinga; kila mmoja alipima sawasawa alichokipima. Walichokosa ni mkono wa pili, na foleni ya nje haikuwaruhusu kuukumbuka.

Rufaa ikaandikwa. Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani tuliyepelekwa kwake alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi. Alimpima presha mikono yote miwili na miguu yote miwili, jambo ambalo Mjomba alilitazama kwa husuda ya kitaaluma. Kulia 170, kushoto 96. Akapapasa shingo, kwapa, kinena, nyayo. Akaweka stethoskopu chini ya mtulinga wa kushoto, akatulia, akamwita mwanafunzi wake asikilize: palikuwa na mvumo, sauti ya damu inayojipenyeza mahali pembamba. Mshipa mzima mpana hupitisha damu bila kelele. Akamulika ndani ya macho. Kisha akaandika orodha ya vipimo, na Mjomba, aliyejipa kazi ya kubeba karatasi, akaisoma kwa sauti mbele ya benchi zima la wagonjwa hadi alipofika kwenye neno kaswende.

Sitaeleza kilichotokea kwenye benchi. Bi Mkubwa alihitaji maji. Daktari ilibidi atoke nje aeleze: kaswende ya miaka mingi inaweza kula aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, kifua kikuu nacho kinaweza kuushambulia, na kuna watu waliozaliwa na aota iliyobanwa mahali. Kabla hujasema ni hili unaloshuku, unahakikisha si yale, hasa kwa kuwa dawa ya hili inazima kinga ya mwili, na kifua kikuu kilichojificha kikikuta kinga imezimwa kinaamka. Majibu ya kaswende yalikuwa safi. Bi Mkubwa alidai nakala yenye muhuri, akamsomea jirani kupitia ukuta.

Kipimo kingine kilichompendeza Mjomba ni cha damu kuachwa isimame kwenye mrija mwembamba kwa saa moja, kisha chembe nyekundu zinapimwa zimeshuka milimita ngapi. Penye uvimbe mwilini zinashuka haraka. Kwa mwanamke kijana ishirini hivi ndio mwisho wa kawaida. Za shemeji zilishuka sabini na nne. Mjomba akasema hatimaye amekutana na kipimo cha kiume. Daktari akamkata kauli: kipimo hiki kinasema kuna moto, hakisemi chumba gani, na wapo wagonjwa wa maradhi haya ambao damu yao inatoka shwari huku mishipa inaendelea kuharibika. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoyataja kwa jina.

Ndipo ikaja ultrasaundi ya shingo, na msiba wa tambi.

Mishipa ya shingo inayopeleka damu kichwani ikipigwa ultrasaundi, ukuta wake wa kawaida ni mstari mwembamba. Kwa shemeji, upande wa kushoto, ukuta ulikuwa mnene pande zote, tundu likabaki katikati. Mpiga picha akamwambia mwanafunzi kwamba hiyo ndiyo inayoitwa alama ya makaroni, na kweli ndivyo madaktari wanavyoiita. Bi Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Hakusikia ukuta, wala uvimbe. Alisikia makaroni.

Tulipofika nyumbani makaroni yote yalikuwa yametolewa kabatini, na tambi zikafuata kwa undugu. Ilikuwa siku tatu kabla ya Ramadhani. Wasiojua nyumba za Pwani hawawezi kuelewa ukubwa wa tamko la kwamba mwaka huu hakuna tambi za sukari kwenye futari. Mke wangu alieleza. Mimi nikaeleza. Mwanangu akachora. Bi Mkubwa akasema, "Daktari kayaona kwa mashine, yamekwama shingoni, nyie mnataka kumwongeza?" Tulifuturu kwa viazi vikuu na mihogo, na tambi tulizila kwa jirani, ambaye naye alituuzia maneno.

Picha ya uhakika ilipigwa Dar es Salaam. Basi la alfajiri, kituo cha Segera ambapo Mjomba alishuka kununua machungwa akakaribia kuachwa, bima iliyokubali nusu, na ndugu waliokubali nusu ya nusu. Kabla ya kuingizwa kwenye mashine ya CT alipimwa figo, kwa kuwa dawa ya rangi inayochomwa mshipani ili mishipa ionekane hutoka kwa njia ya mkojo. Dawa hiyo ikiingia mwili unapata joto la ghafla. Shemeji alimnong'oneza dada yake kwamba alidhani amejikojolea, na dada mtu akacheka hadi basi zima la kurudi likajua. Kwenye picha, mshipa unaopita chini ya mtulinga wa kushoto kwenda mkononi ulikuwa umebaki uzi. Wa shingo kushoto, ukuta mnene. Na mshipa wa figo ya kulia umebanwa: figo hiyo, kwa kupata damu kidogo, inadhani mwili mzima umeishiwa, inamwaga kemikali za kupandisha presha. Kwa hiyo presha ya mkono wa kulia ilikuwa ya kweli, na ya kushoto ilikuwa ya uongo, imeshushwa na mshipa uliobanwa njiani. Sufuria isiyo na chumvi ilishinda kesi.

Maradhi yenyewe yana jina la Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Kanazawa, Japani, ambaye mwaka 1908 alieleza mkutanoni habari za mwanamke kijana ambaye mishipa ya nyuma ya jicho ilikuwa imejizungusha kama shada la maua. Katika mkutano uleule wenzake wawili, Onishi na Kagoshima, wakasema nao wana wagonjwa wa aina hiyo, na kwamba vifundoni mwao mapigo hayapatikani. Uhusiano wa jicho na mkono haukueleweka siku hiyo. Leo tunajua kwamba mishipa ya shingo ikibanwa, jicho linakosa damu na vijishipa vyake vinajitafutia njia za panya. Wengi wanaopata maradhi haya ni wanawake, na wengi huanza kabla ya kufika miaka arobaini. Mjomba alichangamka kusikia ni ya Kijapani. Alisema basi yatadumu lakini spea zipo.

Daktari alituonyesha pia namna ya kuhesabu, mfumo uliotolewa mwaka 2022 na vyama vya wataalamu wa baridi yabisi vya Marekani na Ulaya. Sharti mtu awe hajapita miaka sitini anapogundulika na picha ionyeshe mishipa mikubwa imevimba. Kisha zinahesabiwa pointi, na tano zinatosha. Mjomba, mwanachama wa kulipia wa klabu ya mpira ya Coastal Union, alichukua kalamu. Kuwa mwanamke, moja. Mkono unaochoka ukifanya kazi, mbili. Mvumo, mbili. Mapigo hafifu mkononi, mbili. Tofauti ya presha ya mikono kufika ishirini, moja. Mishipa mitatu kuhusika, tatu. "Kumi na moja!" akasema, kwa furaha ambayo haikuwa mahali pake. Daktari akamkumbusha kwamba pointi hizo zilitungwa kwa ajili ya watafiti wapate kupanga wagonjwa makundi, na kwamba yeye alishajua tangu alipogusa kifundo.

Bi Mkubwa aliuliza kama yanaambukiza wazee. Hayaambukizi, akajibiwa, lakini yana ndugu yake anayewapata waliovuka hamsini, zaidi watu wa Ulaya ya Kaskazini: kipanda uso kinauma, taya linachoka kutafuna, na jicho linaweza kupofuka ghafla. Mwaka 1890 Jonathan Hutchinson wa London aliandika habari za mzee aliyeshindwa kuvaa kofia kwa maumivu ya mishipa ya kichwa. Jibu hilo lilikuwa refu kuliko ilivyotakiwa. Wiki hiyo yote Mjomba alikuwa akivua kofia yake na kuichunguza ndani, mpaka ikagundulika imerudi ndogo kwa sababu mke wangu aliifua kwa maji ya moto.

Dawa ni prednisoloni, vidonge vingi asubuhi baada ya kula, vinapunguzwa polepole na kamwe havikatwi ghafla. Na methotreksati, ambayo ni mara moja tu kwa wiki. Hili la wiki nalitilia mkazo kwa sababu kuinywa kila siku kunaweza kuua. Bi Mkubwa ameifungia kwenye sanduku lake la kanga, inatoka Jumapili, mbele ya mashahidi. Prednisoloni ilimletea shemeji njaa ambayo nyumba yetu haikuwa imeiona. Wali wa kiporo ukawa haufiki asubuhi; paka alishtakiwa, akapigwa, akasafishwa jina. Uso wa shemeji ukawa duara. Mtaani wakasema ameshika mimba, jirani wa ukutani akaulizia ni ya miezi mingapi, na Bi Mkubwa akamjibu kwa lugha ambayo mkalimani wetu alikataa kuitafsiri.

Damu kwenye mrija sasa inashuka kumi na nane. Mkono bado unachoka, ila anasuka kichwa kizima kwa awamu mbili. Anapimwa kulia tu, na ukutani pameandikwa KULIA kwa chaki, kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani.

Sasa kuna posa. Kijana wa spea za baiskeli alituma wazee wake Jumamosi, na dada mtu alikuwa ameshawatangulizia mambo ya kweli: binti yuko kwenye dawa isiyoruhusu mimba, na wakitaka mtoto itabidi daktari abadilishe dawa mapema. Kijana alisema ameelewa. Wazee wakaketi, kahawa ikaja, na kabla ya mshenga mkuu kufungua mkeka wa maneno Bi Mkubwa akatoka na mashine. Siku hizi hampimi mtu mkono mmoja. Mzee yule, mvuta sigara wa siku nyingi, alitoa mia na hamsini kulia na mia na ishirini na sita kushoto.

"Tofauti ya kumi namsamehe mtu," akasema Bi Mkubwa. "Ishirini na nne hapana."

"Mama, sisi tumekuja kuposa, hatukuja kulazwa."

"Mahari nitaipokea kwa mkono upi wako, baba?"

Kwa umri wake na sigara zake, yake yatakuwa mafuta yaliyoganda kwenye mshipa, mambo mengine kabisa na ya Takayasu, lakini nayo yanataka daktari. Alikataa, akasusa kahawa, akaondoka. Jumatatu kijana wa spea alimpakia kwenye baiskeli akampeleka kliniki mwenyewe. Amepewa tarehe ya kurudi, na kuhusu mahari Bi Mkubwa amesema wataendelea baada ya majibu. Mjomba ameomba aione hiyo mashine kidogo, kwa sababu haiwezekani watu wawili katika nyumba moja.